Miguu Myembamba, Buti Pana

Siku niliyoanguka na bastola mkononi nilikuwa nimevaa buti za mgodini, nyeusi, zenye chuma mbele ya vidole. Nilizinunua mjini kwa sababu sikupata nyingine. Kwa urefu zilinifaa. Kwa upana, kila moja ingeweza kumeza miguu miwili kama yangu, na nafasi iliyobaki nilikuwa nimeijaza kwa soksi mbili na pamba.

Mchezo wetu si ule wa kusimama mahali pamoja ukalenga karatasi. Kifaa cha mwamuzi kikilia, unakimbia kutoka pipa moja hadi jingine, unasimama ghafla, unapiga karatasi mbili na bamba la chuma, unapiga goti, unainuka, unarudi kinyumenyume, unakimbia tena. Wakati wote huo mdomo wa bastola lazima uelekee mbele, kwenye tuta la udongo. Ukigeuka nyuma, hata kwa kufumba na kufumbua, umetolewa. Huulizwi kilichotokea.

Asubuhi ile ya Jumamosi nilitoka kwenye pipa la pili, nikakanyaga changarawe, na buti la kulia likasimama huku mguu wangu ndani yake ukiendelea na safari. Kifundo kikapinda. Nikaanguka kwa ubavu, na mkono uliokuwa na bastola ukazunguka. Nilipoinua macho, vumbi jekundu likiwa kwenye meno, mdomo wa bastola ulikuwa umeelekea tumboni mwa mtu aliyekuwa akitufundisha.

Kidole changu hakikuwa kwenye kifyatulio. Ni kitu kimoja tu hicho nilichofanya vizuri siku ile.

Sote tulimwita Muzee. Alikuwa amestaafu kazi ya kupima ardhi migodini, kichwa cheupe, mtu asiyepaza sauti. Alinizunguka taratibu, akapiga goti kando yangu, akaitoa bastola mkononi mwangu, akaondoa risasi zote, akailaza chini. Kisha akakaa hapo hapo kwenye vumbi.

"Mwalimu," akasema, "uliniangalisha mudomo ya bunduki mu tumbo."

"Unisamehe, Muzee. Ni bilatu," nikasema, nikimwonyesha viatu vyangu.

"Najua ni bilatu. Juu ya ile, hautakimbia tena hapa mupaka siku utaleta bilatu yenye kukamata muguu yako. Sitaki kukuzika, na sitaki unizike."

Aliniita Mwalimu kwa sababu ndiyo kazi yangu. Nafundisha biolojia katika shule ya wasichana. Nilikuwa na miaka arobaini na mmoja. Miaka miwili kabla ya hapo mume wangu alinirudisha kwa mama, mtaa wa Bel-Air, baada ya miaka tisa ya ndoa bila mtoto. Tangu siku hiyo, kila aliyekutana nami, kanisani, sokoni, hata katika chumba cha walimu, aliangalia kwanza tumbo langu, halafu uso, kama mtu anayetafuta habari. Kwenye uwanja wa shabaha hakuna aliyefanya hivyo. Kwa sekunde thelathini nilikuwa mtu mwenye kazi moja, na kazi hiyo niliiweza. Nayasema haya ili ieleweke kwa nini mwanamke mzima alilia kwa ajili ya buti.

Zilikuwa zimebaki wiki sita kabla ya mashindano ya upande wa Zambia. Timu ingevuka mpaka pale Sakania. Wanawake tulikuwa wanne, nafasi zilikuwa tatu, na Muzee angepeleka majina baada ya wiki nne. Kwa alama nilikuwa wa pili. Baada ya kuanguka sikuwa wa pili wala wa nne. Nilikuwa mtu asiye na viatu.

Wiki ya kwanza nilichechemea. Kifundo kilivimba, kikawa na rangi ya biringanya, na wanafunzi wangu wakaniletea kiti kabla sijaomba. Wiki ya pili nikaanza kutafuta. Niliingia kila duka la mjini linalouza viatu vya kazi. Buti zote zilikuwa nzito, zote pana, zimekatwa kwa mwanamume mwenye mguu kama mkate. Nikivaa, nikisimama, kisigino kinapanda na kushuka ndani kama pistoni. Wauzaji wote walikuwa na jibu moja: ongeza soksi. Mmoja alinikazia kamba kwa nguvu zake zote hadi kingo mbili za ngozi zikagusana, na bado niliweza kuuzungusha mguu mle ndani.

Nikamwomba binamu yangu aliyekuwa anatoka Johannesburg aniletee buti za kupanda milima, za kike, nyepesi, zinazofika juu ya kifundo. Alizileta. Zilikuwa nzuri kuzitazama, rangi ya majivu, na ukizishika mkononi hazikuwa na uzito wa kulalamikia. Nilizivaa sebuleni mbele ya mama. Nikapiga hatua tatu, nikasimama ghafla kama tunavyosimama kwenye pipa. Mguu ukateleza mbele, vidole vikagonga. Nikazivua, nikazirudisha kwenye sanduku lake. Hapakuwa na namna ya kuzirudisha Johannesburg.

Nikaenda soko la Kenya, mtaa wa hapa hapa mjini, kwenye safu za viatu vya mtumba. Huko mama mmoja mnene, mwenye kicheko cha haraka, alinikalisha juu ya gunia na kuushika mguu wangu kama anayepima samaki.

"Mama, muguu yako iko sawa ndakala," akasema. Ndakala ni vile visamaki vidogo vya kukausha. Hakusema kwa ubaya. Akafukua rundo lake hadi chini kabisa, akavuta jozi moja ya rangi ya mchanga, ya kitambaa kigumu na ngozi, ndefu hadi juu ya kifundo. "Hii hakuna muntu anaweza kuivaa. Inakataa kila muntu. Jaribu."

Mguu uliingia kama mkono kwenye glavu. Kisigino kikakaa. Nilisimama, nikakimbia kidogo kati ya marundo, watu wakinipisha, nikasimama ghafla, nikapiga goti pale kwenye udongo wa soko. Hakuna kilichosogea. Zilikuwa nyepesi kuliko hata viatu vyangu vya kanisani. Yule mama alikuwa akicheka, nami nikacheka naye, na nadhani ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka kwa sauti tangu nirudi Bel-Air.

Jumamosi nilizivaa kwenda uwanjani. Nusu ya njia, kwenye kamba iliyovutwa barabarani, wanaume watatu wenye sare walisimamisha pikipiki iliyonibeba. Mmoja aliangalia miguu yangu.

"Mama, weye ni mwanajeshi?"

"Hapana, papa. Niko mwalimu."

"Sasa ile bilatu ulitosha wapi?"

"Ku soko."

"Ile ni bilatu ya jeshi. Raia hana ruhusa ya kuvaa. Tosha," akasema, akimaanisha nizivue.

Nilikuwa nalijua jambo hilo. Kila mtu mjini anajua kwamba raia havai kitu cha jeshi. Ila zile zilikuwa za jeshi la nchi nyingine kabisa, rangi nyingine, na katika furaha yangu sikuwa nimewaza hata mara moja. Nilimweleza. Nilimweleza habari za mguu mwembamba, za kisigino, za kuanguka, za Zambia. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakulazimika kulifanya, kisha akarudia neno lile lile.

Hapo nilipiga magoti. Nyumbani sijamwambia mtu hili. Nilipiga magoti juu ya changarawe, mwalimu wa biolojia, na kumshika suruali.

"Mama, simama," akasema kwa sauti ndogo, akitazama watu waliosimama pembeni. "Bantu banaangalia."

Nikazivua. Mwenzake alivua kiatu chake ili azijaribu, akasukuma, akavuta, mguu haukupita vidole. Akazitupa chini ya benchi. Nilirudi mjini kwa soksi, na sokoni, siku mbili baadaye, yule mama aliniambia kwamba jozi kama ile hakuwahi kuiona kabla, na hajui kama ataiona tena.

Zilibaki siku kumi na mbili kabla ya majina kwenda.

Nikafanya jambo la kijinga. Nilichukua zile buti za mgodini, nikazifunga kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, nikavizungusha kifundoni mara tano hadi vidole vikafa ganzi, nikaanza kukimbia uani, nyuma ya nyumba, kati ya mti wa mparachichi na ukuta. Mama alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga. Mzunguko wa nne mpira ulikatika, nikaanguka kwenye beseni lake la maji. Kifundo kile kile.

Hakuja kuninyanyua. Aliweka kisu chini.

"Ni nini njo unatafuta mule?" akaniuliza. "Bunduki itakuzalia mutoto?"

Hakuwahi kulitamka jambo hilo, katika miaka yote miwili. Wote waliangalia tumbo langu isipokuwa yeye, na sasa na yeye. Nilibaki chini, nguo zimelowa. Nilisikia anainuka, anaingia ndani, sahani zinagongana. Nikadhani amenikasirikia. Alirudi na taulo na chupa ya dawa ya kuchua, akakaa kwenye ardhi yenye matope, akaweka mguu wangu mapajani mwake, akauchua kwa muda mrefu.

"Ni muguu ya baba yako," akasema mwishowe. Baba aliendesha treni za chemin de fer, shirika la reli, maisha yake yote na alifariki nikiwa chuoni. "Bilatu yote ya chemin de fer ilikuwa inamukataa. Kulikuwa papa mumoja alikuwa anamukatia na kumushonea upya. Kama angali muzima, iko anatengeneza bilatu ya bilema, pale nyuma ya parokia."

Hakuniomba radhi kwa lile neno la kwanza. Nami sikumdai.

Yule papa, yaani yule baba fundi wa viatu, alikuwa mzima. Familia yake ilikuja kutoka Kasai zamani, na karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya gundi na ngozi, mashine ya kushona ya miguu, na rafu iliyojaa viatu vya jozi zisizofanana: kimoja kirefu, kimoja kifupi, kimoja chenye soli nene kama tofali. Watu waliokuwa wakingoja kwenye benchi wote walikuwa na magongo. Niliona aibu kukaa kati yao na shida yangu. Zamu yangu ilipofika nilimwambia mimi ni mtoto wa nani, akauangalia mguu wangu kabla ya uso.

"Ee," akasema. "Ni yeye."

Aliuchora juu ya karatasi. Alipima kwa uzi pale vidole vinapoanzia, pale mguu unapopanda, na kisiginoni. Kisha akaniambia nitoke nje nikimbie kwenye ua wa parokia, nisimame ghafla, nirudi nyuma, nipige goti. Nilifanya yote hayo peku, wenye magongo wakinitazama mlangoni.

"Mama, muguu yako haina mubaya," akasema. "Ni kisigino njo inaogelea. Bantu banakuambia utie soksi mbili. Soksi inajaza ku vidole, haikamate kisigino. Mbele muguu inakufa, nyuma inatembea."

Akauliza kama nina buti lolote jepesi. Kesho yake nikamletea zile za Johannesburg. Akalishika moja kwa mikono miwili na kulikamua kama nguo iliyofuliwa. Halikukunjika.

"Katikati iko nguvu. Muzuri." Akalisukuma juu ya meza. "Inakunjika pa vidole tu. Muzuri. Na iko nyepesi. Nitaifungua huku na huku, nitatosha kipande, nitashona upya. Kisigino nitatia ngozi na feltri, ile kitambaa nene. Ulimi nitaunenepesha, ili usukume muguu nyuma. Na kamba nitakuonyesha namna ya kufunga. Unipe siku munane."

Siku nane zingeishia Ijumaa. Majina yalikuwa yanaondoka Jumamosi. Nilihesabu kwa vidole nikiwa njiani kurudi, nikahesabu tena nikiwa nimefika.

Jumatano nilipita kuangalia. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Mwanamke aliyeuza maandazi karibu na parokia aliniambia kwamba dada yake papa amefariki katika mji wa Likasi, naye ameenda kwenye kilio, hajasema atarudi lini. Nilichungulia kwenye ufa wa dirisha. Buti zangu zilikuwa mezani, zimefunguliwa pembeni, vipande vya ngozi vimetandazwa kama kitu kilichochinjwa.

Nitasema nilichokifanya. Alhamisi niliomba ruhusa shuleni, nikaenda Likasi. Njia nzima nilijiambia naenda kumpa pole. Nilitafuta nyumba ya msiba kwa kuuliza, nikaikuta: turubai limefungwa juu ya ua, wanaume kwenye viti, wanawake wamekaa kwenye mikeka kuzunguka picha ya marehemu. Yule papa aliniona nikiwa bado langoni. Aliinuka, akaja taratibu, shati lake jeusi limemkaa vibaya begani.

"Mama, umekuya kulilia dada yangu ao bilatu yako?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Haukutoka.

"Bilatu, Papa. Unisamehe."

Alinitazama. Sijui alitafuta nini usoni mwangu. Wimbo wa wale wanawake ulifika mwisho na mwingine ukaanzishwa.

"Basi, ikala kule na bamama," akasema. "Ulilie kwanza."

Nikaenda nikakaa mkekani, kati ya wanawake nisiowajua, mbele ya picha ya mwanamke nisiyewahi kumwona. Nilidhani nitainamisha kichwa tu. Badala yake kilio kilinitoka, kikubwa, cha kutoka chini ya mbavu, na hakikusimama. Nililia miaka tisa. Nililia vyumba vya waganga na madaktari, sanduku langu lililowekwa uani kwa mama, na lile neno la mama. Mwanamke aliyekaa kushoto kwangu alinikumbatia, akaniuliza marehemu alikuwa nani kwangu. Nikazidi kulia. Akadhani ni uchungu, akanishika zaidi. Baadaye nilikwenda nao jikoni nikaosha sahani, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na mikono yangu.

Kabla sijaondoka papa alinisindikiza hadi barabarani.

"Ufunguo sitakupa," akasema. "Iko mu vipande, hakuna mwenye anaweza kuimaliza. Nitarudia siku ya kwanza."

Siku ya kwanza ni Jumatatu. Nikamjibu kwamba ni sawa. Haikuwa sawa, lakini mbele ya msiba ule nisingeweza kutoa neno jingine.

Jumamosi nilienda uwanjani na viatu vya kawaida. Muzee alikuwa na karatasi mezani.

"Muzee, unipatie siku ine tu," nikamwambia. "Papa atamaliza kushona."

"Mwalimu, majina inaenda leo. Kule banangojea." Hakuniangalia aliposema. "Nitasema nini? Ulianguka, sijakuona tena unakimbia. Nitaandika jina ya muntu mwenye sijamuona?"

Nafasi yangu akapewa mwenzetu anayefanya kazi benki, mwanamke mpole ambaye alama zake zilikuwa chini ya zangu kwa mbali na miguu yake haijawahi kumsumbua. Alikuja kunishika mkono. Nilimpongeza. Kisha nikaenda nyuma ya kibanda cha choo, nikasimama nimeegemeza paji la uso ukutani hadi nikasikia wanaanza bila mimi.

Buti zilikuwa tayari Alhamisi iliyofuata. Papa hakutaja Likasi. Alinivalisha mwenyewe, akapitisha kamba kwenye tundu la juu kabisa kwa kutengeneza kitanzi kila upande, akavusha kila ncha kwenye kitanzi cha upande mwingine, akavuta kuelekea chini. Nilihisi kisigino kinarudi nyuma na kukaa, kama mtu anayekaa kwenye kiti chake. Vidole vilikuwa huru. Nilitoka uani nikakimbia, na nilipopiga breki sikusikia chochote ndani ya buti. Mmoja wa wenye magongo alisema, "Sasa iko muzuri," kwa sauti ya mtu anayejua.

Jumamosi Muzee alinipitisha kwanza bila risasi, mara tatu, akitembea nyuma yangu. Halafu akanipa bastola. Kifaa kikalia. Nilikimbia kutoka pipa la kwanza hadi la pili, nikafika pale pale nilipoangukia, nikakanyaga changarawe ile ile, na mguu na buti vikasimama pamoja. Nilipiga karatasi zote. Bamba la mwisho lilikawia kidogo kuanguka, likaanguka. Nikaonyesha bastola tupu, mdomo ukitazama tuta.

Muzee aliangalia muda kwenye kifaa chake, akakiweka mfukoni bila kunisomea.

"Sasa njo unakimbia," akasema. "Liste ya majina ilishaenda, Mwalimu."

"Najua, Muzee."

"Kama ningaliweza..."

"Najua."

Waliondoka wiki iliyofuata kwa magari mawili kupitia Sakania. Siku ile nilifundisha darasa la nne la sekondari mzunguko wa damu, na nilichora moyo ubaoni vibaya, mshipa mkubwa nikauweka upande usio wake, hadi msichana mmoja akanyoosha mkono kunisahihisha. Jioni nilimkuta mama jikoni. Alikuwa amepika sombe ya majani ya muhogo na samaki, chakula changu cha sikukuu, akakitenga mezani kana kwamba ni siku yoyote tu.

Waliporudi, yule wa benki alisema uwanja wa kule ni wa mchanga, unateleza, na yeye mwenyewe alianguka mara moja, lakini mikono ikiwa mitupu. Alitaka kujua ni nani aliyenishonea. Nikamwelekeza nyuma ya parokia.

Nami nilikuwa nimesharudi huko, kwa sababu buti la kushoto lilikuwa linauma kidole kidogo baada ya saa nzima ya mazoezi. Nilikaa kwenye benchi na kungoja zamu yangu. Papa alinivua buti lile, akaingiza mkono wake mle ndani hadi kwenye ncha, akafumba macho akipapasa mshono.

"Unasikia wapi?" akauliza.

"Hapa, Papa. Pembeni."

"Vidole yako inavimba ukikimbia. Utaniachia siku mbili."

Nikamwachia, nikavaa ndala, nikarudi Bel-Air kwa miguu.